Mashine nimeizoea, tetemeko limenishinda

Swali: "Jambo Dokta. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Majengo hapa Goma, nauza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Miezi saba iliyopita jirani aliweka mashine ya kusaga unga nyuma ya ukuta wetu, inasaga mchana na mara nyingi hadi usiku. Wiki mbili za kwanza sikupata usingizi, kichwa kiliniuma. Leo siisikii kabisa. Mazuti ikiisha na mashine ikazima ghafla, ndipo nashtuka. Lakini tangu volkano ya 2021, kitanda kikitikisika kidogo tu, hata kama ni lori limepita, naamka na kuwakimbilia watoto. Miaka inapita, sijazoea. Baba watoto anasema masikio yangu yamekufa na roho yangu imekuwa ya woga. Je, neva zangu zimechoka? Kwa nini nizoee kimoja, nishindwe na kingine? Na huyu mdogo wa miezi mitatu analala fofofo mashine ikinguruma. Haitamdhuru?"

Jibu: Mama, jambo sana. Nianze na neno uliloliandika kama la kupita tu: mashine ikizima, ndipo unashtuka. Hapo umejijibu nusu ya swali. Masikio yaliyokufa hayashtuki kitu kinaponyamaza. Huwezi kushtushwa na kuondoka kwa mgeni ambaye hukujua kuwa yumo nyumbani. Maana yake ni kwamba miezi hii saba masikio yako yamekuwa yakiupokea mngurumo ule na kuupeleka ndani kama kawaida, na sehemu fulani ya ubongo wako imekuwa ikiufuatilia bila kukusumbua wewe mwenye nyumba.

Nililishuhudia jambo hili zamani nikiwa mwanafunzi, ndani ya boti ya usiku kutoka Goma kwenda Bukavu. Tulilala juu ya mabegi, magunia na miguu ya wenzetu, injini ikizitingisha mbao chini yetu. Katikati ya ziwa fundi akaizima. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyemgusa mwenzake, lakini watu waliinuka karibu wote kwa mpigo mmoja, akina mama wakipapasa watoto wao, na mzee mmoja akauliza gizani: "Ni nini hicho?" Kilikuwa kimya, hakuna kingine.

Mrusi Evgeny Sokolov, wa Chuo Kikuu cha Moscow, alilifanyia kazi swali kama lako katika miaka ya 1950 na 1960. Alikuwa akiwasikilizisha watu mlio uleule tena na tena, huku akipima unyevu wa ngozi ya viganja, mishipa ya damu na mawimbi ya ubongo. Mlio wa kwanza, mwili mzima unageuka kuusikiliza. Ukirudiwa vya kutosha, mwili unatulia kana kwamba hakuna kitu. Kisha anaupiga mlio huohuo, ila mara hii ni hafifu kuliko mwanzo, au unakatika mapema kidogo. Mwili unashtuka upya.

Liangalie hilo vizuri, mama, kwa sababu ndipo hoja ya uchovu inapoangukia. Mkono uliochoka kubeba bidoni ya lita 20 hauwezi kuchangamka ukipewa ya lita tano kisha ukasema sasa ndiyo nzito. Neva iliyochoshwa na sauti kubwa ingewezaje kuamshwa na sauti ndogo? Sokolov akasema ubongo hujichorea picha ya kile kinachojirudia, na kila kinachoingia hulinganishwa na picha hiyo. Kikifanana nayo, kinapita kimyakimya. Kikipishana nayo kwa chochote, kwa kuzidi au kwa kupungua, kengele inalia. Mwaka 1978 Risto Näätänen wa Finland na wenzake wakaiona kengele hiyo kwenye vipimo, na baadaye ikapimwa hata hivi: mtu amezama katika kitabu, hana habari na milio inayopigwa masikioni mwake, lakini mmoja ukitofautiana na wenzake, wimbi la ubongo wake linabadilika baada ya kama sehemu ya tano ya sekunde. Yeye mwenyewe anaendelea kusoma.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, neva hazijachoka. Zimejifunza. Kuzoea ni kujifunza, tena ndiko kujifunza kwa zamani zaidi. Mpaka wadudu na konokono wanako.

Konokono nimemtaja makusudi. Aliyetufungulia mlango wa ndani wa jambo hili ni Eric Kandel, aliyezaliwa Vienna mwaka 1929 na kukulia Marekani, naye alisaidiwa na mnyama asiyevutia hata kidogo: konokono mkubwa wa baharini aitwaye Aplysia, laini kama ini bichi. Ubongo wa binadamu una seli za neva karibu bilioni 86. Aplysia ana kama 20,000 tu, na baadhi ni kubwa kiasi kwamba unaweza kuziona kwa macho matupu. Ukimgusa polepole kwenye mrija wake wa kutolea maji, anayakunja matamvua yake haraka, kama wewe unavyovuta mkono kwenye mbabula yenye makala ya moto. Mguse tena, na tena. Ikifika mara ya kumi anakunja kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu bila kuinua kichwa.

Kandel na wenzake walikwenda kuchungulia pale ambapo neva inayohisi mguso inakutana na neva inayovuta msuli. Hapo pana mwanya mdogo mno unaoitwa sinapsi. Ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali: neva ya kwanza inaimwaga, ya pili inaipokea. Waliyoyakuta ni haya: neva ya kuhisi bado inahisi, msuli bado una nguvu, ila kemikali inayomwagwa katika ule mwanya imepungua. Mlinzi wa getini anaona kila anayepita, ameacha tu kumwamsha bosi kwa kila mmoja.

Ukimgusa konokono kwa siku moja tu, atasahau upesi na kurudi kama mwanzo. Ukimgusa mara kumi kwa siku, siku nne mfululizo, atabaki amezoea kwa wiki tatu hata zaidi. Katika hali hiyo ya pili viungo vyenyewe hupungua. Kwa wanyama ambao hawakuzoeshwa, kama neva 9 kati ya 10 za kuhisi zilikuwa na mawasiliano yanayopimika na neva ya msuli. Kwa waliozoeshwa, kama 3 kati ya 10. Miezi yako saba, basi, si jambo la mawazo tu, imeandikwa ndani ya mwili wako. Kandel alipewa sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi iliyoanzia kwa mnyama huyu. Ubongo wa mama wa Majengo una mambo mengi ambayo konokono hana, na kuzoea kwetu kunapita ngazi nyingi zaidi, lakini msingi ni uleule.

Sasa tuje kwenye tetemeko. Mchukue konokono huyohuyo aliyezoea mguso, mpige umeme mkiani, mara moja tu. Rudi umguse mrija kwa upole uleule alioudharau dakika tano zilizopita. Atakunja matamvua kwa nguvu. Umeme ule umezisukuma neva nyingine kumwaga kemikali iitwayo serotonini juu ya sinapsi iliyokuwa imetulia, nayo sasa inamwaga kemikali nyingi kuliko zamani. Rudia umeme mara kadhaa kwa siku kadhaa, na neva zinaotesha sinapsi mpya. Wazee wetu walishalisema kabla ya maabara yoyote: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi darasani huita hali hii kunolewa kwa hisi. Ni ndugu wa kuzoea, na wanakaa nyumba moja.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilifunguka bila kutuaga. Lava ikateremka hadi Buhene. Baada ya hapo ardhi ikatikisika usiku na mchana, kuta zikapasuka, na alfajiri ya tarehe 27 ikatoka amri kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, Majengo ikiwemo. Wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa boti hadi Bukavu. Sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo na watoto mgongoni. Huo ndio umeme wa mkiani, mama. Mtikisiko wa lori leo ni ule mguso mdogo.

Kwa nini basi miaka isiufute? Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Richard Thompson na Alden Spencer, walizikusanya tabia tisa za kuzoea. Sitakuhesabia zote. Zinazotuhusu ni kwamba kitu hafifu huzoeleka upesi kuliko kikali, na kikali sana huenda kisizoeleke kabisa. Kwamba kinachorudi kwa vipindi vya karibu huzoeleka kuliko kinachorudi kwa nadra. Na kwamba kikipumzika muda mrefu, mwili hurudi kukishangaa. Lipime kila kimoja kwa kipimo hicho. Mashine inakuja kila siku, kwa sauti ileile, karibu saa zilezile, na katika miezi saba haijakufanyia kitu kibaya zaidi ya kukunyima usingizi. Tetemeko halina ratiba wala ukubwa mmoja, linaweza kukaa miezi bila kuja, na lilipokuja lile kubwa liliwatoa watu nyumbani. Ubongo ulioizoea mashine na kukataa kulizoea tetemeko haujajichanganya. Unauliza swali moja tu juu ya vyote viwili, hiki huleta nini, na umepata majibu mawili tofauti.

Japani, nchi ya watu wanaotikiswa tangu utotoni, baada ya tetemeko kubwa la tarehe 11 Machi 2011 watu wengi walilalamika kwamba wanahisi nyumba inayumba wakati imetulia. Wanayo hata jina lake, jishin-yoi, maana yake kulewa tetemeko. Hao si watu wa woga. Na kuhusu baba watoto, kwa ruhusa yake: mwanaume anayesema haogopi, mwangalie usiku amelala upande gani wa mlango.

Hapa lazima nitenganishe jambo ambalo watu hulichanganya na kuzoea. Kuna kupungua kwa hisia ambako hakungoji uamuzi wa ubongo, kunatokea mlangoni kabisa. Kitenge ulichofunga asubuhi hukukihisi tena baada ya dakika chache. Ndani ya ngozi, hasa viganjani na kwenye nyayo, kuna vipokezi vinavyoitwa kwa jina la Mwitaliano Filippo Pacini. Vimejengwa kama kitunguu, ncha ya neva iko katikati na matabaka yameizunguka. Ukikibonyeza, matabaka yanateleza na kuumeza ule mbonyezo, kwa hiyo neva inapiga kelele unapobonyeza na unapoachia, katikati inanyamaza. Watafiti walipoyavua matabaka yale, neva ikaendelea kulia kwa muda mrefu zaidi. Vipokezi hivi hupenda mabadiliko tu. Ndivyo vinavyokuletea mtetemo wa sakafu lori linapopita.

Pua nayo iko hivyo, na hili ni la kazi yako. Mteja anafika kwenye meza yako, harufu ya sambaza inampokea kabla yako. Wewe uliyekaa hapo tangu asubuhi husikii kitu. Seli ya harufu ikishafunguka, madini ya kalisi huingia ndani yake, na kalisi hiyohiyo ndiyo inayorudi kuusukuma mlango ufungwe. Toka uzunguke kidogo mbali na meza, ukirudi utasikia. Kwa hiyo siku unapotaka kujua kama sambaza za jana bado zinafaa, usiiulize pua yako. Mwite mtu aliyetoka nje.

Hapo nina neno zito kidogo, kwa sababu nimesikia watu wa mji huu wakisema "sisi tumeshazoea hewa ya huku". Mazuku haizoeleki. Gesi ile ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa kwa kama mara moja na nusu, inatulia kwenye mabonde madogo na kando ya ziwa, na haina harufu wala rangi. Pua haikuiacha kwa mazoea, haikuwahi kuisikia. Ni vivyo hivyo kwa moshi wa makala ndani ya chumba kilichofungwa: harufu ya moshi utaizoea, na kaboni monoksidi inayoua haikuwemo ndani ya harufu hiyo. Mbabula ilale nje.

Maumivu ndiyo kinyume cha yote haya. Vipokezi vyake vingi havilegei kirahisi, na mahali palipojeruhiwa hunoleka zaidi. Ndiyo maana jino bovu halijawahi kuzoeleka na mtu yeyote.

Turudi kwenye mashine, maana nimekutetea mbele ya mumeo na sasa nataka kumpa haki yake kidogo. Nimesema masikio yako hayajafa. Sikusema yako salama. Ubongo ukiizoea kelele, hauipunguzi kelele. Ndani ya kila sikio kuna seli zenye vinywele kama 15,000, ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Kelele kubwa ya muda mrefu huziua, na zikifa hazioti tena. Kuku zake zinaota. Hilo liligunduliwa miaka ya 1980, na mpaka leo linatutia wivu sisi madaktari. Wewe na mimi hatuna bahati hiyo.

Sauti hupimwa ukubwa wake kwa desibeli, na kikomo kinachotumika sana makazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda salama unagawanywa kwa mbili: 88 saa nne, 91 saa mbili. Huna chombo cha kupimia, na huhitaji. Simama nyumbani kwako na mtu aliye umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, mko jirani na 85 au mmepita. Nyuma ya ukuta wa matofali huenda msifike huko. Yule kijana anayemwaga mahindi kwenye mashine amefika siku nyingi, na kama ni mtu wa salamu, mwambie atafute vizibo vya masikio.

Sikio linaloharibika lina dalili zake. Baada ya kelele unahisi kama pamba imewekwa masikioni, au mlio mwembamba unaendelea wenyewe usiku. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba, kwa hiyo mtu anaanza kukosea kati ya "saa" na "faa", anadhani watoto wanamumunya maneno, anaongeza sauti ya simu. Wewe je, mashine ikizimwa, unasikia mafuta yakichemka kwenye sufuria ukiwa mlangoni? Unasikia mtoto akinong'ona nyuma yako? Kama ndiyo, mwambie mumeo nimeangalia. Kama sivyo, nenda ukapimwe masikio, na usingoje.

Jambo jingine ambalo mazoea hayafuti ni kazi ya moyo. Mtu anayelala karibu na kelele, baada ya muda haamki tena, lakini ukimpima usingizini unakuta moyo wake bado unabadilisha mwendo na mishipa yake bado inajikaza kelele inapoingia. Fahamu imesamehe, mwili haujasamehe wote.

Na watoto wako wa shule? Hapa kuna ushahidi ninaoupenda kuliko mwingine wote, kwa sababu hakuna aliyeupanga. Mwezi wa Mei 1992 mji wa München, Ujerumani, ulifunga uwanja wake wa zamani wa ndege na kufungua mpya mahali pengine. Watafiti Staffan Hygge, Gary Evans na Monika Bullinger walikuwa wamewapima watoto wa pande zote mbili kabla ya mabadiliko, na wakarudi kuwapima baadaye. Watoto waliofikiwa na ndege wakaanza kurudi nyuma katika kusoma na kukumbuka. Walioondokewa na ndege wakapanda. Wote hao walikuwa watoto wanaoishi na kelele kila siku, ambao ungewauliza pengine wangekujibu kama wewe, "kelele gani?" Mtoto anayejizoesha kutoisikiliza kelele anaweza kuzoea kutosikiliza na maneno pia. Kwa hiyo kama mashine ina saa ya kupumzika, saa hiyo ndiyo ya madaftari. Na kwa mwenye mashine, nendeni wawili, wewe na mama mwingine wa jirani, mkaombe kwa adabu saa ya mwisho ya kusaga. Mpira wa tairi la zamani chini ya miguu ya mashine hupunguza mtetemo unaopita ardhini, na haugharimu kitu.

Kuhusu kichwa kilichokuuma wiki mbili: kama kilipita, kimepita. Ila kama una kichwa kinachouma upande mmoja na kurudirudi, na ukoo wenu wanacho, ujue kwamba watu wa kipandauso wamepimwa wakaonekana kuwa ubongo wao huzoea polepole kuliko wa wengine, hata katika siku ambazo hawaumwi. Kwao mashine nyuma ya ukuta ni mzigo mara mbili.

Usiku, sasa. Unaniambia unaamka, unakimbilia watoto, unawakuta wazima, unarudi. Kosa liko hapo, na ni kosa la mama mwema. Kila unapokimbia ukawakuta salama, ubongo unaandika kwamba wamepona kwa sababu ulikimbia. Haupati nafasi ya kuona kwamba lori lilipita na hakuna lililotokea. Konokono angekuwa anakimbia kabla ya kuguswa, asingezoea milele.

Chukua chupa ya plastiki, itie maji nusu, ining'inize kwa kamba kwenye boriti mahali unapoweza kuiona ukiwa kitandani. Ukiamka, washa tochi ya simu na uiangalie chupa kabla hujatia mguu chini. Ikiwa imetulia, tetemeko liko ndani yako, si ndani ya nyumba. Baki palepale, vuta pumzi ndefu, itoe polepole kuliko ulivyoivuta, hesabu mpaka mapigo yashuke, kisha ulale bila kwenda kwa watoto. Usiku wa kwanza utakuwa mgumu, wa pili huenda ukawa mgumu zaidi. Ni kurudia tu kunakofundisha. Mchana, siku ambayo huna haraka, simama kando ya barabara ambapo malori ya mizigo yanapita, vua sandali, uache nyayo zihisi ardhi inavyotikisika ukiwa unaliona lori kwa macho. Dakika kumi, kisha nenda zako. Rudi kesho.

Sikuambii uzoee tetemeko la kweli. Likija kubwa halitakungoja utafute chupa, hilo utoke na watoto wako kama ulivyozoea, na rangi ya tahadhari inayotangazwa na wataalamu wa volkano pale OVG, kituo cha Goma cha kuchunguza volkano, uendelee kuifuata. Tunachotaka ni lori lirudi kuwa lori.

Ila kama kuna ndoto za moto zinazorudi, kama kuna njia umeacha kupita kwa sababu ya lava ile, kama moyo unakukimbia hata mchana kweupe, chupa haitoshi. Nenda kituo cha afya uombe kuonana na mwanasaikolojia. Hiyo ni hali yenye jina na tiba, na katika mji huu hutakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nimebakiza mdogo wako wa miezi mitatu. Mashine ina miezi saba, kwa hiyo ilianza akiwa tumboni, amepita mwezi wa tano. Masikio ya mtoto huanza kusikia karibu na wakati huohuo. Mwaka 1925 Mjerumani Albrecht Peiper alipiga honi ya gari karibu na matumbo ya wajawazito. Watoto waliruka ndani, na honi iliporudiwa, wakaruka kidogo kidogo mpaka wakatulia. Huyo wako, basi, alizaliwa mashine akiijua. Kulala kwake fofofo si dalili ya ugonjwa, na akishtuka mazuti ikiisha, mmefanana tu wawili.

Lakini sikio lake ni jipya na hana namna ya kusema linauma. Kihamishie kitanda chake kwenye ukuta wa mbali na mashine, hata kama ni lazima kabati lipite upande wa pili. Makofi yakipigwa nyuma yake chumba kikiwa kimya, ageuke au apepese macho. Asipofanya hivyo kwa siku mbili tatu, mlete.